Unga Mweupe na Maji ya Rangi ya Kaloleni

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya maji Kisumu, katikati ya miaka ya themanini, sikugusa dawa yoyote. Mkemia wa Mkoa, mzee mkimya aliyefunga tai hata siku za joto kali, alinionyesha sinki lililojaa chupa akaniambia nizioshe. Nilifanya kazi hiyo wiki tatu. Kila chupa ilisuuzwa mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, yasibaki na chumvi wala uchafu. Nilinung'unika sana. Baadaye nilielewa kwamba chupa chafu inaweza kufungisha kisima cha watu kisicho na kosa lolote.

Kutoka hapo nilipelekwa Kombewa kupima visima na maji ya hospitali. Niliporudi Kisumu, miaka ya tisini imeshaanza, Mkemia alikuwa amestaafu na mkubwa wangu mpya alikuwa Mhandisi wa Mazingira, kijana aliyetoka masomoni ng'ambo na mkebe wa unga mweupe. Jina lake titani dioksaidi. Ni ndugu wa weupe unaotiwa kwenye rangi ya kuta, ila chembe zake ni ndogo mno. Siku hizi wanafunzi wanaziita nano. Mwanga wa jua ukizipiga, huanza kuvunjavunja uchafu ulio majini.

Kazi ya kuujaribu haikuwa mbali. Mtaani Kaloleni, hapo hapo Kisumu, palikuwa na kikundi cha akina mama waliotia vitambaa rangi, kiongozi wao Mama Rehema. Mtaro wao ulipita leo buluu, kesho nyekundu, ukielekea ziwani. Afisa wa Afya alikuwa amewapa notisi: wasafishe maji hayo au wafunge kazi. Wengi wao walikuwa wajane.

Tulipotia unga ndani ya maji, rangi ilipotea lakini maji yakawa kama maziwa, na unga ukakataa kutulia chini. Mhandisi alikata tamaa. Mimi nikachukua vioo vya dirisha, nikavikwaruza kwa mchanga, nikavipaka uji wa ule unga na kuvichoma kwenye tanuri la maabara hadi ukashika. Tulivilaza juani huko Kaloleni kwenye trei zilizoinama kidogo, na akina mama wakapokezana kumwaga maji juu yake, yakipita membamba, tena na tena. Kufikia alasiri maji ya buluu yalikuwa hayana rangi tena. Mama Rehema aliyatazama, akajifuta macho kwa leso.

Mhandisi alimwita Afisa wa Afya aje Ijumaa. Siku iliyotangulia, kwa mazoea tu, niliweka vifaranga vitano vya ngege, samaki wa ziwa letu, katika ndoo ya maji yale. Asubuhi vyote vilikuwa vimekufa. Nilipima, nikakuta maji yamejaa kostiki, magadi makali yale ya kutengenezea sabuni, ambayo akina mama walitumia ili rangi ishike kitambaa. Jua huvunja rangi, magadi haliyagusi.

Nilimwambia Mhandisi. Alifunga mlango.

"Madam, leo tuonyeshe rangi tu. Hayo ya samaki tutayamaliza baadaye."

Nilikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga Migosi, na yeye ndiye aliyeandika ripoti za kunipandisha cheo. Afisa alipofika, alisifu trei, kisha akanigeukia mimi niliyeshika daftari la vipimo na kuuliza kama maji hayo ni salama kwa ziwa.

"Rangi imetoka, Bwana Afisa," nikasema. "Ila bado si salama. Samaki wamekufa."

Mhandisi alitazama viatu vyake. Nilijua nimewafungia wale mama riziki yao, lakini nikaeleza habari ya magadi. Ndipo Mama Rehema akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia njia:

"Kama magadi yangali humo, kwa nini niyamwage? Si nitie tena rangi nyingine?"

Hakuna mmoja wetu wasomi aliyekuwa amewaza hilo. Tulijaribu papo hapo. Kitambaa kilishika rangi vizuri. Afisa aliwaongezea muda, na tangu hapo maji yalizunguka kati ya pipa na vioo, mtaro ukakauka.

Mhandisi alinikwepa karibu mwezi mzima. Kisha akaja na ripoti yake, habari ya samaki imeandikwa yote, akaniomba niweke sahihi yangu pamoja na yake.

Miaka mingi baadaye, siku ya kuniaga kazini nilipostaafu, mkurugenzi alisoma hotuba akaniita mkemia mtafiti. Nilisimama nikamkatiza kwa heshima. Nilimwambia mimi nilikuwa fundi wa maabara, miaka yangu yote, na ningependa cheti changu cha utumishi kiandikwe hivyo.