Udi wa Sanuki kwenye Lambo la Kinango

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mti mrefu wenye namba nyeusi na nyekundu, nikaambiwa nisimame nao wima juani, nisitikisike. Huo ndio mti wa vipimo. Mpimaji huutazama kwa darubini kutoka mbali, akajua ardhi inapanda wapi na inashuka wapi, ndipo tuchimbe lambo la kukinga maji ya mvua. Nilikuwa kijana wa Msambweni niliyezoea kivuli cha minazi, na Kinango ilinikausha mpaka midomo.

Mpimaji alikuwa Mjapani, tukimwita Bwana Mtaalamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa Kiswahili cha kupima neno kwa neno: "Marahaba. Hapa kwenu ni kama kwetu." Nikadhani jua limempanda kichwani.

Lakini tulipopumzika alinichorea mchangani mkoa wake. Zamani uliitwa Sanuki, upande wa kaskazini wa kisiwa kimoja cha Japani, ukitazama bahari yenye visiwa vingi. Mvua yake ni haba na mito yake ni mifupi. Maji yakishuka mlimani, mara yako baharini. Basi wazee wao walichimba malambo kwa maelfu, na moja kubwa lilijengwa upya na mtawa, karne nyingi zilizopita. Baadaye jina la Sanuki lilifutwa kwenye orodha ya mikoa, ila watu wakaendelea kulitaja. Nilimsikiliza huku nikiviona vilima vyake vilivyochongoka na mashamba ya mpunga, mimi ambaye mbali kwangu ilikuwa Mombasa. Nikapapenda.

Kilichonikaa zaidi ni jinsi walivyogawana maji ya kiangazi. Kwa kila shamba waliwasha kijiti cha udi. Kikiisha, zamu ya shamba hilo imekwisha.

Lambo letu lilipokamilika, vijiji viwili viligombania zamu, kila mtu na saa yake. Bwana Mtaalamu akanituma nikanunue vijiti vya udi Ukunda, nikafanywa mlinzi wa kijiti. Ikafika zamu ya Mama Mwaka, mjane wa kijiji cha chini. Mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele, na bila maji ya siku hiyo yangekwisha.

Nikawasha. Sasa udi kwetu Pwani si saa. Akina mama waliunusa, wakaja na leso zao, wakainama juu ya moshi na kuupepea wajifukize. Mama Mwaka mwenyewe alikuwa wa mbele, akicheka. Nami harufu ilinichukua. Nilikuwa Sanuki, natembea kando ya malambo. Nilipozinduka, kijiti kilikuwa jivu kabla ya wakati wake kwa kupepewa, na maji hayajafika nusu ya shamba.

"Funga," akasema Mzee Ndoro wa kijiji cha juu. "Sheria ni sheria."

Nikafunga koki ya lambo. Mama Mwaka alilitazama shamba lake, kicheko kikamkauka.

"Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Swali hilo lilinichoma. Nikakiri kosa mbele ya wote.

Bwana Mtaalamu hakufoka. "Kwetu mlinzi wa kijiti haendi mbali," akasema. "Wewe ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kwenu, Bwana."

Aliyatazama maji. Kisha akavua viatu, akachukua debe. Kuteka kwa debe hakukuwa na zamu, kila mtu aliruhusiwa. Nikachukua la pili, tukamwagia shina kwa shina mpaka adhana ya alasiri. Mzee Ndoro alitucheka weee, mwishowe akabeba la tatu.

Nilitumika miaka mingi baadaye, Kikoneni na Msambweni, chini ya wahandisi wengi. Niliajiriwa palipokuwa na mkoa, nikastaafu pakiwa na kaunti. Mkoa wangu wa Pwani nao ulifutwa kama Sanuki. Huko Sanuki sikufika, na sasa magoti hayaniruhusu. Nahuzunika kidogo, nisiseme uongo. Nanyi vijana wa idara ya maji, saa mnazo za kila aina, lakini zamu ya mtu ikiendelea, kaeni pale pale.

Kila Ijumaa mke wangu huwasha udi, akaanza kuupepea kwenye leso.

"Taratibu," humwambia. "Usipepee."

"Mama Mwaka alishavuna zamani, mume wangu," hunijibu akicheka. Kisha huukinga kwa kiganja, uwake polepole.