Daftari la Nguzo Tisini na Sita

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, Felisian Masatu anasimama chini ya nguzo ya chuma katikati ya mashamba ya mihogo, kati ya Bunda na Butiama. Anavua kofia, anaweka kiganja kwenye mguu wa nguzo na kufumba macho. Juu, nyaya zinavuma. Upepo hakuna.

"Hapa inaimbaga sauti ya chini kuliko kwingine," anasema. "Sijui kwa nini. Ng'ombe nao hawapiti, wanazungukaga."

Masatu, mzaliwa wa Bukima anayeishi Nyasho, aliajiriwa mwaka 1992. Kwa miaka kumi na minne ameutembea kwa miguu mkuza huu, ukanda uliofyekwa chini ya nyaya za umeme mkubwa wenye nguzo tisini na sita, mara mbili kila mwezi. Hukata miti inayozikaribia nyaya, hukaza bolti, na huangalia kama wezi wameng'oa vyuma vya kutengenezea vitanda.

Mwaka huu wa ukame na mgao, laini huzimwa mara kwa mara. Siku hizo ndizo anazoziogopa. Mkuza, anasema, huwa kimya kama mtu aliyebana pumzi.

Hata hivyo, kilichotishia kazi yake ni hesabu. Zamani mwenye njia ya umeme alijipangia bei. Baada ya mageuzi, mdhibiti wa serikali ndiye anayeweka kikomo cha mapato yake ya mwaka: hujumlisha gharama za lazima, uchakavu wa mitambo na faida ya kadiri kwa mtaji. Gharama isiyothibitishwa huondolewa, na mteja hailipii. Kazi ambayo gharama yake imeondolewa haichukui muda kufutwa.

Katika kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bei ya umeme mjini Musoma, miezi miwili iliyopita, mchambuzi wa mdhibiti kutoka Dar es Salaam aliweka mezani madaftari ya Masatu. Karibu kila mstari ulikuwa na neno moja: salama. Akauliza, kwa upole, kwa nini wananchi wailipie miguu ya mtu ambaye kwa miaka kumi na minne hajaona kitu.

Ukumbi ulicheka. Dorkas, muuza dagaa wa Kamunyonge, alimwambia, "Shemeji, si bora ungetembeza dagaa? Ungekuwa umeuza."

Ukweli ni kwamba Masatu aliandika hali aliyoiacha, si aliyoikuta. Alikaza kwanza, akaandika baadaye. Alilelewa kuamini kwamba ubaya ukitajwa mahali unapokaa, unaitwa. "Shambani hata nyoka hatukumtaja," anaeleza. "Mama alitufundisha kusema kamba."

Mwenyekiti wa kikao, Bi. Mwanaamina, alimpa miezi sita aandike kila anachokikuta, ndipo gharama ya ukaguzi wa miguu iamuliwe.

Katika mzunguko wa kwanza aliandika: nguzo ya arobaini, mguu wa mashariki, bolti ya tatu haipo. Akaenda nguzo ya arobaini na moja. Mguu uleule, bolti ya tatu haipo. Ikawa hivyo hadi ya arobaini na sita. Siku kumi na mbili kabla, zote zilikuwapo. Polisi wanasema ni wezi.

Mkewe, Marcelina, hakubaliani na polisi. "Nilimwambia, Baba Leodgar, rudia salama yako. Acha kazi ipotee."

Masatu alimjibu kwamba chini ya mkuza kuna nyumba zenye watoto, na nguzo ikikosa wa kuikagua haichagui pa kuangukia.

Imebaki miezi minne. Anakusudia kulipeleka daftari kikaoni kwa mkono wake, na kumwomba mchambuzi yule atembee naye siku moja tu, mchana. "Akishasikia nyaya zinavyoimba, mwenyewe ataandika kwamba mtu anahitajika huku."

Anachuchumaa na kuhesabu bolti kwa kidole. Moja haipo. Spana iko mkononi. Anaiweka chini, anachukua kalamu. Anaandika polepole, kwa herufi kubwa, kisha anainua macho kuitazama nguzo inayofuata.