Ng'ombe Mwekundu kwenye Karatasi

Kule Muheto, miaka ile ya hamsini, nilikuwa kijana mwenye penseli moja na majivuno mengi kupita kiasi. Siku moja jirani yetu, mzee mfugaji, alinijia na ombi. Mwanawe alikuwa anaoa kule mjini Sake, na wakwe walikuwa wamemchagua ng'ombe wake mwekundu awe wa mahari. Kumnyima mwanawe mke hakuweza. Kuachana na ng'ombe yule nako kulimshinda.

"Umuchore," aliniambia, "asiende yote."

Nilianza kwa njia ya mkato. Nilimchora ameinama anakula majani, maana ng'ombe anayekula hatembei sana. Mzee akachungulia begani kwangu.

"Ee, mutoto ya bakulima! Unamuchora kama mbuzi? Pembe yake itaonekana wapi?"

Kwetu sisi wakulima, ng'ombe alikuwa maziwa basi. Nilinuna, lakini nikafuta.

Nikaanza upya. Nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikapima kichwa chake kwa penseli ili nijue mwili unachukua vichwa vingapi. Kwa mistari ya kwanza niliigusa tu karatasi, nikikosea isiache kovu. Halafu manyoya: vistari vifupi vifupi, vikifuata yanakolalia, kutoka shingoni kushuka begani. Chini ya tumbo nilisugua kwa kidole mpaka kivuli kikakubali. Baka jeupe la usoni sikulichora hata kidogo. Niliiacha karatasi ifanye kazi yake.

Jicho ndilo lililonitoa jasho. Ili kichwa kisimame, mzee alimkuna chini ya kidevu, na ng'ombe kwa utamu akafumba macho.

"Papa, acha kumukuna!" nilimwambia mzee.

"Nikiacha anainama. Wewe chora tu."

Basi nikawa naliiba jicho kidogo kidogo, kila alipofumbua.

Wakwe walifika kumchukua ng'ombe picha ikiwa imekamilika. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akawanyooshea kwa mikono miwili.

"Ng'ombe njo huyu. Pembe iko, macho iko, hakuna kitu inakosa. Ule mwingine muniachie."

Walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka, kifua kimejaa, maana sifa kama hiyo sijapata tena. Kisha nikamwangalia mzee. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka, anangoja waipokee.