Mke Mwenzangu wa Kwenye Simu

Nilimwona kwa mara ya kwanza Jumapili mchana, baada ya misa, mume wangu akiwa nyuma ya nyumba anaziba pancha ya baiskeli. Simu yake alikuwa ameiacha mezani inachaji, nami nilikuwa napanga sahani. Kioo kilikuwa hakijazima. Nikatupa jicho, nikaona mwanamke wa katuni, gauni la kijani, anakaanga mayai kwenye jiko safi ambalo mimi sijawahi kuwa nalo. Juu ya kichwa chake paliandikwa jina.

Lilikuwa jina la marehemu mke wake.

Jina hilo nalijua vizuri. Limechongwa kwenye msalaba wa saruji kule Kigwa, na kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu inapokaribia, mimi na mume wangu huenda kulipalilia lile kaburi na kulipaka chokaa. Jembe hulibeba mimi. Pale sikuwahi kumwonea wivu. Watu wa Kigwa walinisifu, wakasema mume wangu amepata mwanamke mwenye moyo, nami nilizipokea sifa hizo na kuziamini. Lakini Kigwa yule mwanamke alikuwa amelala. Humu kwenye simu alikuwa anakaanga mayai.

Nikakaa kitini. Mayai yakaiva, akaita watu mezani. Akaja mwanamume mwenye masharubu, na jina lake lilikuwa la mume wangu, lote, mpaka la babu yake. Wakaja watoto wawili, wa kike na wa kiume, wenye majina nisiyoyajua. Wakala. Mimi nikaanza kutafuta jina langu. Sikujua kuucheza mchezo ule, ila kusogeza kwa kidole nilijua, nikapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima. Palikuwa na fundi, mwalimu, mama muuza maua. Hata paka alikuwa na jina. Mimi sikuwemo.

Mume wangu alipoingia kunawa mikono, simu ilikuwa imerudi mahali pake.

"Chakula tayari?"

"Kiko mezani."

Nikampakulia. Mayai hayakuwepo siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata.

Tulikuwa kwenye mwaka wa nne wa ndoa. Yeye ni mtumishi wa reli, kazi yake ni kupokea na kuruhusu treni katika stesheni ya Tura. Hukaa huko wiki tatu, kisha anakuja nyumbani Tabora wiki moja. Tura si mahali pa kelele. Treni ikichelewa, na huchelewa, hakuna cha kufanya ila kungoja, na wenzake wa zamu ndio waliomfundisha mchezo ule wa kutengeneza watu, kuwajengea nyumba, kuwapa kazi na kuwaangalia wakiishi. Aliwahi kuniambia. "Nina mchezo wa kujenga nyumba," alisema, nami nikauweka fungu moja na drafti, kitu cha wanaume kupoteza saa.

Alipoondoka kwenda Tura safari ile, nilifungua ofisi yangu mtaani Isevya, hapo Tabora, nikiwa na jambo moja tu kichwani. Nina steshenari ndogo: natoa kopi, naprinti, nawaandikia watu barua za maombi, namjazia mama fomu ya cheti cha mtoto. Kutwa nzima naandika majina ya watu. Siku hiyo, wateja walipopungua, niliupakua mchezo uleule kwenye kompyuta ya kazi.

Kabla ya kitu chochote ukaniletea kisanduku kitupu. *Andika jina.* Kile kimstari kikawa kinapepesa, kinangoja.

Nilidhani ni jambo dogo. Nikaandika jina langu, likaja umbo la mwanamke, nikamnyoosha shingo, nikampunguza nyonga kidogo. Kisha mume. Nikaandika jina la mume wangu, nikalitazama, nikalifuta. Alishakuwa na nyumba kwingine na mke kwingine, mimi nimlete wa nini? Basi nikaandika jina la mtu aliyenichumbia nilipokuwa chuoni, ambaye sijamtaja kwa mtu yeyote tangu niolewe. Nikawaweka kwenye nyumba ya vyumba viwili. Bwana yule hakutaka kwenda kazini. Alikaa mbele ya televisheni mpaka akajikojolea kwenye zulia, na mwanamke mwenye jina langu akaja kupiga deki. Nilizima kompyuta uso ukiniwaka, utafikiri mtu ameniona.

Msusi wa chumba cha jirani alikuwa ameniona kweli. Alikuja kuomba stepla, akasimama nyuma yangu.

"Kumbe na wewe unacheza, dada!"

"Najaribu tu. Wewe majina unayachaguaje?"

"Mimi sihangaiki. Naweka watu ninaowajua. Mama mkwe wangu yumo. Nimemjengea chumba hakina mlango."

"Sasa anakula nini?"

"Ndiyo nasubiri nione."

Tulicheka, lakini mimi nilibaki na lile jambo. Nikaanza kuwauliza wateja, mmoja mmoja, kwa mzaha. Mwalimu mmoja aliyeleta mitihani kutoa kopi aliniambia yeye huuacha mchezo uchague wenyewe. "Ukimpa mtu jina unalolijua," alisema, "huwezi tena kumwangalia kama katuni. Akiugua unaacha kazi." Maneno hayo yaliniuma kuliko ya msusi. Mume wangu hakuuacha mchezo uchague. Alikaa stesheni, akakiangalia kisanduku kitupu, akaandika jina la yule mwanamke.

Nikaanza kuhesabu dakika za simu. Akichelewa kupokea nasema, yuko naye. Akipokea haraka nasema, amemwacha mezani kaja kunisikiliza mimi kwa dharura. Nikamuuliza umekula nini, akijibu maharage, moyoni nasema, na kule mmekula nini? Ni aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa. Marehemu yule sikuwahi kumwona hai, hata picha yake niliiona mara moja tu, na sasa nilijua gauni lake, jiko lake na saa yake ya kuoga.

Mume wangu aliporudi kwa wiki yake, siku ya tatu alikwenda kwenye kikao cha jumuiya, simu akaiacha. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimeshajifunza kwamba ukimgusa mtu hutokea picha ya kalamu, na ukiigusa kalamu unaweza kumbadilisha jina. Nilimkuta yule mwanamke bustanini anamwagilia. Nikagusa kalamu. Nikafuta jina lake kuanzia nyuma, herufi moja moja, nikaandika langu. Akaendelea kumwagilia, gauni lilelile la kijani.

Nikamgusa mtoto wa kike. Kalamu ikatokea. Hapo nikasita, kwa sababu sikuwa na jina la kuweka. Miaka minne tulikuwa hatujapata mtoto, na nilikuwa nimejikataza hata kuwaza jina. Nikawaacha watoto na majina yao.

Hakusema neno wiki ile. Alifika Tura, siku ya pili akanipigia asubuhi, nikiwa nafungua ofisi.

"Umebadilisha jina."

Ningeweza kukataa. "Ndiyo," nikasema.

Nikasikia mtu anaongea nyuma yake na kuku wakilia.

"Basi," akasema, na akakata.

Nilijiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Alipiga kila siku kama kawaida, akauliza habari za kazi, akasema usiku mwema. Alikuwa na adabu kama mtu anayeongea na wakwe. Siku kumi zilipopita hivyo nilishindwa. Nilifunga steshenari, nikapanda treni ya kuelekea mashariki. Tulipopita Kigwa nilikaa upande wa pili wa behewa, nisiitazame.

Tura nilishuka jua likiwa limeanza kuegemea. Mwenzake wa zamu alinipokea mzigo.

"Shikamoo shemeji! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alikuwa kwenye benchi upande wa reli, sare imefungwa vifungo vyote. Aliponiona alisimama, akakaa tena. Nilikaa pembeni yake. Mwenzake akajua, akaenda zake.

"Nimekuja uniseme," nikamwambia. "Kukaa kimya sikuwezi."

"Sina la kukusema."

"Ulimweka yeye. Hata paka umempa jina. Mimi sikuwemo popote."

Alinigeukia, na nikaona alikuwa ameshangaa kweli. "Wewe nikikutaka nakupigia simu," akasema. "Mle niliwaweka ambao siwezi kuwapigia."

Akanieleza. Siku ya kwanza, wenzake walipomwekea mchezo, kisanduku kilipotokea, aliandika jina lake mwenyewe kwa kuwa hakuwa na lingine. Kikatokea kingine cha mke. Aliandika langu kwanza. "Nikamwona mtu anatembea ana jina lako, na wewe uko Isevya unafanya kazi. Nikaona kama nakuchezea. Nikafuta." Ndipo likaja lile jina jingine. Halafu mchezo ukauliza kama wana watoto.

"Na hao watoto majina umeyatoa wapi?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Nilijua kwamba mke wake alifariki hospitali, kwenye uzazi. Nilidhani ni uzazi wa kwanza, na sikuwahi kuuliza zaidi, wala yeye hakuwahi kusema. Sasa akaniambia watoto walikuwa wawili. Wa kike alikuja kwanza, miaka miwili kabla ya yule wa kiume, akaishi siku moja. Muuguzi alimbatiza kwa maji ya bomba na akauliza jina, mume wangu akataja lililomjia mdomoni. Wa kiume hakulia kabisa. Mama yake alimpa jina akiwa kitandani, akamwambia mumewe alishike asilisahau. Siku ya tatu mama naye akafa.

"Hayo majina hayajaandikwa popote," akasema. "Msalaba una jina la mama yao tu. Nilipoona kisanduku kinauliza, nikayaandika."

Nami kutwa nawajazia watu fomu za vyeti vya watoto. Nilikumbuka kidole changu juu ya yule mtoto wa kike, kalamu imeshatokea. Nikamwomba simu.

"Mbona wewe mwenyewe hukulirudisha?" nikamuuliza. Jina langu lilikuwa bado pale juu ya gauni la kijani.

"Nilijaribu. Nikifuta lako, najiona nakufukuza. Nikiliacha, nimemfukuza yeye. Nikaufunga mchezo. Sijaufungua tangu siku ile."

Nililirudisha mimi. Nilifuta jina langu, nikaandika lake lote, na kwenye herufi mbili nilikosea nikarudia. Natamani ningesema wivu ulinitoka pale benchini. Haukutoka. Alipomwona na jina lake amekaa na watoto sebuleni, uso wa mume wangu ulilegea kwa namna ambayo mimi sijawahi kuulegeza, nami nililiona hilo na likanichoma. Lakini nilimpa simu yake.

Kisha akasema, kwa woga, "Kuna kiwanja kitupu mkabala na kwao. Ukitaka nakujengea."

"Sitaki kukaa jirani na mke mwenzangu."

Alicheka mpaka akashika mbavu, mwenzake akatoka kuangalia kuna nini. Kengele ikalia ofisini, treni ya mizigo ilikuwa imeruhusiwa kutoka stesheni ya nyuma. Akasimama, akavaa kofia, akachukua bendera yake ya kijani akaenda kusimama mahali pake. Mabehewa yalipita mengi, nami nilimtazama mgongo tu.

Nililala Tura siku mbili. Niliwapikia yeye na mwenzake ugali na dagaa, tukaongea mambo mengine.

Sasa akinipigia, nikisikia amepoa, huwa nauliza, "Wako salama?" Naye hujibu bila kujificha, wa kike ameanza shule, wa kiume ameanguka kwenye ngazi lakini hakuumia. Namsikiliza. Kuna siku nasikiliza kwa moyo mweupe, na kuna siku nasema kuna mteja mlangoni, na hakuna mteja. Kwenye kompyuta ya kazi nilifuta nyumba yangu na yule bwana wa televisheni. Msusi anasema mama mkwe wake bado yu hai.

Juzi mume wangu alikuwa nyumbani, tunachambua mchele barazani, akaniuliza bila kuinua macho, "Mungu akitujalia, una jina?"

"Ninalo," nikasema.

Lilikuwa kweli. Lilinijia kwenye treni nikitoka Tura, na tangu hapo sijaliacha.

"Lipi?"

Sikumtajia. Nilimwambia atalisikia siku ya kulisikia, akatikisa kichwa, akadhani naona haya. Haikuwa haya. Nilimwona jinsi anavyoishika simu akiwa peke yake, na niliogopa kwamba nikimpa lile jina ataliandika mle, kwa mapenzi kabisa, na mtoto wangu ataanza kumwita yule mwanamke mama kabla hajaniita mimi.