Binti Yangu Anataka Kuvunja Arobaini kwa Uongo Wangu

Ukurasa huu naufuata kimya kimya, nasoma ya wenzangu na kutikisa kichwa. Leo ni zamu yangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mtu wa Mombasa, naishi peke yangu huku Marekani, mtaa wa Cedar-Riverside, na nasafisha maofisi mji wa jirani, Plymouth. Jina langu lifichwe, mtaona kwa nini.

Nina mtoto mmoja tu. Aliletwa Marekani na mumewe, kwa makaratasi yake yote, na wanaishi jimbo jirani la Iowa, mwendo wa saa nne kwa gari. Siku kumi na tisa zilizopita alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na wa kumkanda maji ya moto na kumfunga tumbo ni mamake. Hilo haliulizwi. Mafuta ya nazi, liwa na leso mpya nilivitia begini tangu mimba ina miezi saba.

Asichojua ni kwamba zamani niliwahi kufukuzwa nchi hii, nikarudi kwa njia nisiyoitaja. Kwa kuona haya nilimwambia nina karatasi. Sasa huko Iowa wametunga sheria yao wenyewe: aliyewahi kufukuzwa akipatikana jimboni mwao ni mhalifu, na polisi wao wa kawaida anaweza kumkamata akafungwa. Wengine wanasema mahakama imeisimamisha. Wengine wanasema kesi haijaisha, usithubutu. Hapa pia siko salama, ila hapa nimeshajua pa kupita. Mimi mwoga, nawaambia wazi.

Kwanza nilisingizia bosi kaninyima ruhusa. Akalia. "Mama, kazi yanishinda mimi?" Neno hilo lilinichoma, nikaona bora nisingizie ugonjwa. Nikasema mgongo umenikamata, hata kukaa kwenye gari siwezi. Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Nilisahau kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Binti alimpigia jirani yangu, naye jirani akaniletea uji wa pilipili manga siku tatu mfululizo. Nikaunywa wote, na mimi buheri wa afya.

Jana akapiga tena, kichanga kinalia nyuma yake.

"Mama, Jumamosi twaja. Baba mtoto ame-service gari. Nitakaa nawe mpaka upone."

"Na arobaini? Mtoto kwenye baridi hii?"

"Arobaini gani, na mimi sina wa kunikanda? Na wewe huko una nani?"

Na kweli, sina mtu.

Nikimwambia ukweli, atajua nimemdanganya miaka yote, na mumewe atasikia, naye moyo wake siujui. Nikinyamaza, mzazi mbichi atasafiri na kichanga kwenye theluji kuja kumuuguza mtu mzima. Na aibu yangu kubwa kuliko zote ni hii: tangu jana nimefua shuka, nimetoa leso begini, na nina furaha.

Ndugu zangu, nimpigie nimzuie, au nimbandikie maji ya moto? Nijibuni kabla ya Jumamosi.