Wanja Uliowaleta Kina Mama wa Jumuiya

Laurence alianza kupaka wanja akiwa na miaka thelathini na minne, wiki moja baada ya kumaliza matanga ya mume wake wa kwanza. Marehemu Gratien alikuwa hataki. Alisema mwanamke anayejichora macho anatafuta wa kumtazama. Kwa miaka sita ya ndoa yao, weusi pekee uliokaa machoni mwa Laurence ulitokana na ngumi.

Sasa aliishi na Pontien, fundi baiskeli wa hapo hapo Katumba, mpole kiasi kwamba hata kuku wakiingia ndani huwaomba watoke. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bandani kuchambua tumbaku, Laurence alikaa mlangoni na kioo kidogo akavuta mstari mmoja mwembamba juu ya kila jicho. Pontien hakuwahi kumuuliza anamchorea nani.

Mwezi wa sita wanja wake uliisha. Akanunua mwingine wa maji mjini Mpanda, mtaa wa Kashaulili, dukani kwa Zakia muuza vipodozi, aliyemhakikishia kwamba hautoki mpaka utolewe. Ulitoka. Kufika saa nne, vumbi la tumbaku lilikuwa limeshamtoa machozi, na wanja umeshuka ukatulia chini ya macho, mweusi wa kuelekea zambarau. Akijifuta kwa kanga, unazidi kuenea. Siku tatu alirudi nyumbani hivyo, akipita mbele ya milango ya watu.

Jumamosi jioni walikuja nyumbani kina mama wanne wa jumuiya ya kanisa. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wao, Imakulata, ambaye enzi za Gratien alikuwa jirani wa Laurence, wakitenganishwa na uzio tu. Walisali, kisha Imakulata akamgeukia Pontien. Alimwambia ndoa inataka subira, hasira ni mlango wa shetani, na jumuiya haitanyamaza mwanamke akipigwa.

Pontien, spana bado mkononi, akasema hajampiga mtu. Mmoja wa wale mama akaonyesha macho ya Laurence kwa kidole. Kijiji kizima kinaona, alisema.

Laurence alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji na kipande cha sabuni. Akanawa uso mbele yao. Maji yakawa meusi. Akainua uso wake, ngozi safi.

"Ni wanja," alisema. "Wa elfu mbili."

Mmoja wao akacheka kwa kufarijika, na kicheko hicho ndicho kilichomwasha Laurence.

"Imakulata, uzio wetu ulikuwa wa mabua. Gratien aliponivunja mkono ulikuja asubuhi na uji, ukaniambia nivumilie. Siku ya kumzika ukasimama ukasema nilikuwa mke mvumilivu. Miaka sita hamkuja kumwambia yeye neno hata moja. Yule mlimwogopa. Huyu hamumwogopi, ndipo mkapata miguu ya kuja."

Waliondoka bila sala ya kufunga. Pontien akasema taratibu kwamba walikuwa na nia njema. Laurence akamkasirikia na yeye, kwa kukaa ameinamisha kichwa akipokea maonyo ya kosa la mtu mwingine. Hawakusemeshana mpaka Jumapili mchana.

Jumatatu alipanda bodaboda hadi Mpanda. Aliweka kichupa juu ya meza ya kioo, akamwambia Zakia hataki kurudishiwa pesa, anataka kujaribu aina nyingine. Zakia akajibu kuwa bidhaa hazifunguliwi. Laurence akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwa ajili ya wanja huo mume wake ameitwa mpigaji wanawake. Zakia akainama, akatoa aina tatu.

Laurence alichora mistari minne nyuma ya mkono, wa kwanza kwa ule wanja wake. Ilipokauka, akafungua pindo la kanga na kutoa vumbi la tumbaku alilolibeba kutoka bandani. Akaipaka mistari yote vumbi hilo, akanyunyizia maji, akasugua. Zakia akapiga chafya.

Wanja wake ukaenea vilevile. Wa pili, mweusi wa kung'aa, ukabanduka vipandevipande, na Laurence alijua vipande hivyo vingemwingia machoni. Wa tatu ulikuwa wa kalamu, rahisi kuchora hata kwa haraka, lakini ukabaki kijivu. Wa nne ulikuwa umechelewa kukauka kiasi cha kuudhi. Ukipepesa macho haraka ungejipiga chapa juu ya kope. Lakini ulipokauka haukusogea, wala kwa maji wala kwa kanga. Bei yake elfu tano.

"Dada, si uache tu kupaka siku za kazi?" Zakia aliuliza. "Tumbaku haikutazami."

"Nitaupaka hata nikienda chooni," alisema Laurence, akalipa. Zakia akaahidi kutouagiza tena ule wa elfu mbili. Laurence hakumwamini.

Alhamisi, Imakulata aliingia bandani. Akakaa juu ya gunia karibu na Laurence, akachukua majani akaanza kuchambua bila kuombwa. Alipomaliza fungu la kwanza, akasema.

"Nilikuwa nasikia, Laurence. Siku zote nilikuwa nasikia."

Laurence hakuacha kazi. "Najua ulikuwa unasikia. Hilo ndilo linalonichoma. Nenda kakae upande wa pili."

Imakulata akanyanyuka, akahamia upande wa pili wa banda, akachambua huko mpaka saa kumi. Laurence hakumshukuru, wala hakumfukuza.