Kivuli cha Upindo wa Kanga

Mashoga, leo nilitaka kulia, nimeishia kucheka!

Fundi Shabani, mchonga milango, alishakataa michoro yangu mara mbili.
"Maua yako yamelala, mwanangu. Nitayachimba kina gani?"

Leo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Basi nikatia vivuli. Nikachukulia mwanga unatoka kushoto, nikakoleza penseli upande wa kulia wa kila jani.

Fundi huyo anapiga hodi, na Mama anaiona karatasi.
"Masizi ya kibatari haya!"
Akaisugua kwa upindo wa kanga.

Mtoto wa kike nikapiga yowe. Mistari yangu yote imekuwa ukungu wa kijivu!

Fundi akaitazama. Kisha akapapasa ua kwa kidole, kama anatafuta ukingo wake.
"Hili limeinuka. Kivuli laini hivi umekifanyaje?"

Nikamtazama Mama. Mama akauficha upindo mgongoni.

Jumatatu fundi anaanza kuuchonga, mlango wa nyumba moja ya Kaole. Mchoro wangu, jamani!

Nabandika karatasi hii hapa kwenye darasa letu la ushoni. Penseli nimeifunga uzi, andikeni chini: nimwambie fundi ukweli?

Jibuni upesi. Mama ameshatenga kanga kuukuu, eti ya kazi.